Nimezamisha vyombo vitatu kwa wiki moja, na aliyenipa kimoja bado hajajua

Shikamoo Ami,

Mimi ni kijana wa miaka 26, mkaazi wa Langoni hapa Lamu. Kazi yangu ni mashua. Nawapeleka wageni Takwa na Manda Toto, na mara moja moja Kipungani. Tangu kusi lichachamae wageni wamekuwa wa kuhesabu, mashua inalala nanga siku nne kwa wiki, basi usiku nakaa kwenye kompyuta ya kaka yangu nacheza EVE Online, gemu ya vyombo vya angani. Aliyenitia humo ni rafiki yangu wa Malindi niliyesoma naye.

Ami, nimeipenda kazi moja tu katika gemu hii, nayo ni upelelezi. Vita sivitaki, kuchimba mawe kwanilaza usingizi. Lakini kutupa probu, vile vifaa vya kutafutia vitu angani, kutafuta magofu yaliyojificha, kufungua makasha na kuona kilichomo ndani, hapo naweza kukaa mpaka adhana ya alfajiri.

Tatizo ni kwamba wiki iliyopita nimepoteza vyombo vitatu. Cha kwanza kilikuwa Heron, chombo kidogo cha upelelezi. Nilivuka geti, ule mlango wa kwendea mfumo mwingine wa nyota, nikaingia eneo la 0.3 lisilo na askari, nikakuta wawili wamekaa mlangoni, na kabla sijafungua ramani nimekuwa vipande. Cha pili kilikuwa Heron nyingine. Niliingia shimo, ile njia ya muda inayokutoa upande mmoja wa anga na kukutupa mwingine, nikafungua makasha mawili mazuri, halafu nilipotaka kurudi sikujua shimo nililoingilia liko wapi. Nikazunguka karibu saa mbili nzima mpaka mtu nisiyemwona akanimaliza. Na katika orodha ya waliomo nilikuwa peke yangu, Ami! Naapa nilikuwa peke yangu.

Cha tatu ndicho kinachoninyima usingizi. Kilikuwa Astero, chombo cha upelelezi cha ghali zaidi, zawadi ya yule rafiki yangu wa Malindi. Kifaa cha kujificha kilikuwamo lakini sijamaliza kujifunza kukitumia. Nikaenda nacho shimoni hivyo hivyo, saa nne na nusu usiku, na katikati ya kufungua kasha kikapigwa. Sijamwambia. Kila akiniuliza namjibu kwamba kimetulia bandarini.

Tena kuna watu wawili humo wananiandikia. Mmoja anataka kunifundisha, ila kwanza nimkabidhi mali yangu yote "aniwekee". Mwingine anauza pesa za gemu kwa nusu bei, nimtumie kwa M-Pesa.

Nifanyeje, Ami? Au haya mambo ya anga si ya watu wa pwani?

Nahodha Asiye na Chombo, Langoni

*

Marahaba mwanangu,

Niwie radhi, nimecheka kabla ya kukuhurumia. Si kwa hasara yako, maana mimi katika gemu hiyo nimezamisha vyombo ambavyo nikivipanga vinatoka ngome ya Lamu mpaka Shela. Nimecheka kwa sababu wewe ni mtu wa mashua. Yote uliyokosea angani, baharini huyakosei.

Nikuulize. Mgeni akija asubuhi akitaka kwenda Takwa, wewe waangalia nini kwanza? Waangalia maji. Wajua kile kijito cha mikoko kinaingilika maji yakijaa, na ukichelewa humo ndani ukistaajabu nguzo ya msikiti wa mji uliohamwa tangu karne ya 17, maji yatapwa na mashua itakaa kwenye tope na wageni wako wataliwa na mbu. Kwa hiyo kabla hujafungua tanga unajua saa ya kutoka. Sasa huko shimoni, nani alikuambia uingie bila kujua utatokea wapi?

Kwa wasomaji ambao hawaijui gemu hii: EVE Online ilitoka Mei 2003, imetengenezwa na kampuni ya CCP ya Reykjavik, Aisilandi. Ina zaidi ya mifumo ya nyota 7,000, na karibu wachezaji wote wako ndani ya ulimwengu mmoja. Mtu akikuvunjia chombo kimekwenda na hakirudi. Wewe mwenyewe unaamka bandarini kwenye mwili mpya na ujuzi wako uko pale pale, lakini mali imebaki kwa aliyekupiga. Ndiyo maana mwanangu huyu halali.

Tuanze na shimo, maana hapo ndipo kuna mambo. Mashimo yale yaliletwa mwaka 2009, na yanaunganisha sehemu mbili kwa muda tu. Mengi hayamalizi hata siku mbili, tena kila chombo kinachopita kinalipunguzia shimo uzito linaoweza kubeba, likifika kikomo linafunga. Kabla hujavuka, bofya usome maelezo yake. Yatakuambia kama bado lina uhai au linakaribia kufa, na kama limeshapitiwa na vyombo vizito. Likiwa linakaribia kufa, usiingie, hata kama umeota kuna dhahabu upande wa pili. Likiwa zima, vuka, na jambo la kwanza kabisa ukitokea upande wa pili, kabla ya kutazama uzuri wa nyota, tia alama pale ulipo. Hifadhi hiyo alama na uipe jina utakalolijua ukiwa umepaniki. Mimi naita "NYUMBANI" kwa herufi kubwa. Ile Heron yako ya pili haikuuawa na yule mtu asiyeonekana. Iliuawa na alama ambayo hukuitia, yeye alikuja kuzika tu.

Na ikitokea umepotea kweli, usizunguke. Tupa probu zako, utafute shimo jingine lolote la kutokea. Kama huna probu, kuna wachezaji wa kundi la Signal Cartel ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiwaokoa waliokwama mashimoni, wanaficha makasha yenye probu na kifaa cha kuzirushia. Na ikishindikana yote na hujabeba kitu cha thamani, jilipue. Utaamka nyumbani. Ni gemu hii tu ninayoijua ambayo kufa ni nauli ya kurudia mjini.

Sasa hiyo orodha iliyokudanganya. Katika maeneo ya kawaida, yenye mageti, kila anayeingia kwenye mfumo wa nyota jina lake linaonekana, ataka asitake. Ndani ya mashimo haiko hivyo. Huko jina la mtu halitokei mpaka aseme neno. Wanaweza kuwa ishirini wamekuzunguka na orodha ikakuonyesha wewe peke yako, kama kusimama ufuoni usiku usio na mwezi ukadhani bahari haina mtu kwa sababu hakuna aliyewasha karabai.

Macho yako huko ni skana ya mwelekeo, ile ya kitufe cha V. Inaona mpaka umbali wa AU 14.3, yaani mara 14 na kitu ya masafa ya Jua na Dunia. Ukiingia tu, bonyeza. Ukifika kwenye gofu, bonyeza. Ukiwa unafungua kasha, kila baada ya hatua mbili tatu za ule mchezo wa vitufe, bonyeza. Ukiona probu ambazo si zako, kuna mtu anatafuta kitu, na huenda kitu hicho ni wewe. Ukiona chombo cha kivita ambacho dakika iliyopita hakikuwapo, ondoka. Usisubiri kumalizia kasha. Najua kasha limebaki kidogo tu. Ondoka.

Ila nikwambie ukweli, skana haimwoni aliyejifunika. Kwa hiyo hata ukibonyeza mpaka kitufe kiote sugu, kuna siku utapigwa na mtu ambaye hakuna namna ungemwona. Hilo likubali mapema, usije ukaivunja kompyuta ya kaka yako.

Probu zenyewe nazo zaonekana kwenye skana za wengine. Mtu anayezitupa akabaki pale pale amesimama, ni kama mvuvi anayelala juu ya nyavu zake. Fanya hivi: ukiwa unaruka kutoka sayari moja kwenda nyingine, katikati ya safari hifadhi alama. Pale ni mahali pa uwazi, hapana geti wala kituo, mtu hawezi kufika kwa kubahatisha. Zitupe probu, kisha rudi ukae kwenye alama hiyo, na ukiwa na kifaa cha kujificha, jifunike. Hapo fanya kazi yako ya kupunguza duara mpaka ishara ifike asilimia 100.

Kuhusu kifaa hicho, vipo vya aina mbili na watu huvichanganya. Cha bei rahisi kinakuficha ukiwa umetulia au unajikokota, lakini huwezi kuruka huku umejificha. Kile cha ghali, ambacho Astero yako imeumbwa kukibeba, kinakuwezesha kuruka umefunikwa. Vyote havikubali kuwaka ukiwa ndani ya mita 2,000 za kitu chochote, wala mtu akiwa ameshakulenga. Sasa Astero bila kujua kutumia kifaa hicho ni nini? Ni jahazi jipya la Matondoni, tanga jeupe, kasia hakuna, limefungwa kamba katikati ya mkondo. Nampenda rafiki yako kwa ukarimu wake, lakini zawadi ile aliitoa miezi mitatu kabla ya wakati wake.

Rudi kwenye Heron. Au Magnate, au Imicus, au Probe, zote nne ni za rika moja na kila taifa la gemu lina yake. Ni rahisi, zinajifunzika upesi na zinafanya kazi ile ile ya kutafuta. Nunua tano kwa pamoja uzipange bandarini, na siku unayozinunua hesabu kwamba zote tano zimeshazama. Sisemi kwa mzaha. Mpelelezi anayeendesha chombo anachokihurumia mikono inamtetemeka. Mwenye akiba ya nne nyumbani anafikiri vizuri, na anayefikiri vizuri ndiye anayerudi.

Kuhusu geti la 0.3 sitakaa sana. Nambari ile inapima sheria: 1.0 mpaka 0.5 kuna askari wanaoitwa CONCORD, nao hawakukingi bali wanamwadhibu aliyekupiga baada ya wewe kupigwa. Kuanzia 0.4 kwenda chini askari hao hawaji. Kwa hiyo kabla hujavuka, fungua ramani uangalie vyombo vilivyovunjwa katika saa moja iliyopita upande wa pili. Vikiwa vingi, tafuta njia nyingine. Ukishavuka, kumbuka una hadi sekunde 60 ambazo hakuna anayekuona mradi hujasogea. Zitumie kutazama waliopo pale na kuamua unakimbilia wapi, kisha ondoka mara moja. Wewe uliingia ukaanza kusogea huku unatafuta ramani. Na uendeshaji wa kujiendesha uzime kabisa. Unakushusha mbali na geti halafu chombo kinajikokota kama punda aliyebeba matofali.

Lipo jambo ambalo nadhani hata rafiki yako hakukuambia, na kwangu mimi ndilo kubwa baada ya alama ya kutokea. Ni saa.

Saa ya gemu ni ya UTC, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ndiyo maana kila siku saa nane mchana yetu, gemu inapofungwa kwa muda mfupi na kufunguliwa tena, saa yao inasoma 11:00. Sasa wewe ulipigwa saa nne na nusu usiku. Huko Ulaya ni jioni, watu wametoka kazini, wameshakula, wamekaa kwenye viti vyao vya kuzunguka. Huo ndio wakati wawindaji wamejaa. Mwanangu, umekuwa ukitoka na mashua siku ya bamvua kuu na upepo umegeuka, halafu wauliza mbona unalowa!

Kusi limekupa asubuhi zisizo na wageni. Zitumie hizo. Kati ya saa mbili na saa tano asubuhi zetu Ulaya wako kazini au ndiyo wanaamka, na Marekani wengi wamelala. Si kwamba anga inakuwa tupu, Australia nako kuna watu, lakini ni maji mafu. Mimi nina mazoea ya kunywa kahawa, kuingia shimo moja, na kutoka kabla jua halijafika barazani kwangu. Tena utalala usiku kama binadamu na alfajiri utaamka kuswali badala ya kwenda kulala.

Ndani ya gofu lenyewe, soma jina. Yenye majina ya makundi ya maharamia kama Angel, Guristas, Serpentis, Sansha au Blood Raider, ukiyaona kwenye orodha ya magofu na ya data, hayana walinzi. Huko adui wako ni mchezaji mwenzako tu. Yanayoanza na Forgotten au Unsecured yana walinzi wa gemu yenyewe waitwao Sleepers, hao hawasalimii. Na jina lenye Covert Research Facility lipite mbali kwa sasa, pale ukichelewa walinzi wanakuja na makasha yanakulipukia. Kasha la kawaida nalo, ukishindwa kulifungua mara mbili, linapotea na kilichomo. Jifunze kwenye yale ya eneo salama ambayo hayana mali ya maana, mpaka vidole vizoee.

Na urudi. Hapa wengi wanaangukia, hata wazoefu. Ukishafungua makasha ambayo thamani yake inanunua Heron nyingine tatu, safari imekwisha, peleka bandarini. Wewe na ile Heron ya pili ulikuwa na makasha mawili mazuri, na naamini hata ungekuwa na alama ungesema "moja tu la mwisho". Wavuvi wa Kizingitini watakuambia la mwisho hilo limekula watu wangapi.

Intaneti ya kwetu waijua. Bando likikatika au umeme ukienda ukiwa angani, chombo chako kinajaribu kuruka chenyewe na baada ya muda kinatoweka, ila ikiwa umeshaanza kupigana na mtu kitabaki pale dakika nyingi bila nahodha. Kwa hiyo usiku wa mvua na radi, kaa bandarini upange bidhaa zako. Na ukitaka kuondoka kwa hiari yako ukiwa angani, nenda kwenye ile alama ya uwazi, ubonyeze kuondoka salama, usubiri hesabu ya sekunde iishe. Usifunge tu kompyuta kwa sababu mama ameita chakula kimeiva.

Wale wawili wanaokuandikia. Wa kwanza ni mwizi, hana fundisho. Anayetaka kukufundisha hahitaji mali yako, tena wenye kufundisha kweli ndio wanaokupa wewe chombo. Wa pili naye: kununua pesa za gemu kwa mtu wa nje ni kinyume cha kanuni zao na akaunti yako inaweza kufungiwa, na hiyo ni kama angezileta kweli. Pesa ya M-Pesa ikishatua kwa mtu usiyemjua utaanza kupiga simu mpaka uchoke. Kuna PLEX, bidhaa inayouzwa na wenye gemu wenyewe ambayo ndani unaibadili kwa pesa za gemu, hiyo ndiyo halali. Nywila usimpe mtu, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Mtu akikuomba mpigane wawili "kwa mazoezi" mbele ya bandari, kataa. Ukikubali umempa ruhusa ya kukupiga na CONCORD hawatanyanyuka.

Umeuliza kama anga si ya watu wa pwani. Swali hilo sitalijibu, maana babu zako walifika Bara Hindi kwa kutazama nyota.

Limebaki la rafiki yako. Mwanangu, vyombo vinavyovunjwa katika gemu hii vina kumbukumbu, na aliyekuvunja akipenda anaituma kwenye tovuti ya zKillboard ambako dunia nzima inasoma: jina lako, aina ya chombo, mahali, saa, na thamani ya kila kilichokuwamo. Wawindaji hupenda sana kuituma, ndiyo fahari yao. Rafiki yako amecheza miaka, na watu waliocheza miaka huangalia. Nina shaka kubwa kwamba kila anapokuuliza Astero i wapi, anajua i wapi, na anasubiri uwe mtu wa kumwambia.

Mpigie leo. Usianze na udhuru wa bando wala kaka yako. Mwambie, "Ile Astero nimeizamisha, nikakudanganya kwa sababu niliona haya." Akimaliza kucheka, muulize yeye alizamisha ngapi kabla ya kuweza kurudi na moja, kisha mwombe kesho saa tatu asubuhi aingie nawe shimoni, yeye akae kwenye alama ya kutokea akulindie mlango, wewe ukiwa na Heron.

Ami wako